Jicho la tatu (2): Waonaji wa usiku wa Rungwe

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilifuatilia asili ya dhana ya jicho la tatu. Tuliona Wahindu wakilichora katikati ya paji la uso, na mwanafalsafa Mfaransa René Descartes akiiweka nafsi ya mwanadamu katika tezi ndogo iliyomo ndani ya ubongo, iitwayo pineali. Kisha mwaka 1888 Helena Blavatsky alichapisha kitabu kilichoyaunganisha hayo mawili. Alidai kuwa tezi hiyo ni mabaki ya jicho ambalo binadamu wa kale walilitumia kuona mambo yaliyofichika. Leo tunauliza swali linalotuhusu zaidi: je, wazee wetu walikuwa na kuona kwa namna hiyo? Kama walikuwa nako, kumekwenda wapi?

Jibu lililo wazi kuliko yote ninayoyafahamu linatoka Tukuyu. Kuanzia mteremko wa Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, hadi tambarare za Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ni nchi ya Wanyakyusa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, na maandishi yao yametuhifadhia habari za watu walioitwa abamanga, yaani walinzi wa kijiji. Hawa waliaminika kuona usiku, ndotoni, wakati wengine wamelala fofofo. Mchawi akitoka kwenda kumkaba jirani au kukausha maziwa ya ng'ombe wake, mlinzi alimwona akapambana naye hukohuko usingizini. Kulipokucha, aliyoyaona yaliwafikia wakuu wa kijiji, amafumu, ambao wenyewe walihesabiwa miongoni mwa waonaji.

Uwezo huo ulitoka wapi? Wazee walisema ndani ya tumbo la mwonaji anakaa chatu. Lakini mchawi, umulosi, naye alisemwa ana chatu tumboni. Nguvu ni moja na chanzo ni kimoja. Aliyeitumia kujishibisha nyama na maziwa ya wenzake alikuwa mchawi. Aliyeitumia kulinda, tena kwa kauli moja na wenzake, alikuwa mlinzi. Mambo haya hayamo katika vitabu vingi vinavyouzwa leo kuhusu kufungua jicho la tatu, na kwangu ndiyo kiini cha somo zima.

Tazama kuona huko kulivyofanya kazi. Mtu akimdharau mzazi wake, akimtukana mkwewe, au akichinja ng'ombe bila kuwakumbuka majirani, watu walinung'unika. Iliaminika kuwa manung'uniko hayo yana nguvu ya kuumiza: pumzi ya watu ilimshukia mkosaji, akashikwa na baridi na homa. Tiba ilianza kwa maneno. Waliokosana waliketi pamoja, kila mmoja akaitoa hasira yake hadharani bila kubakiza kitu, kisha wakapuliza maji kutoka kinywani kuonyesha kwamba kifua kimekuwa cheupe. Sala iliyosemwa na mtu mwenye kinyongo haikuaminiwa. Hasira iliyofichwa ndiyo iliyoogopwa, na kazi ya mwonaji ilikuwa kuifichua kabla haijaua.

Monica Wilson aliendelea kulifikiri jambo hili kwa miaka mingi. Katika makala yake ya mwaka 1951 aliwalinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini, akaonyesha kwamba kila jamii humwona mchawi kulingana na maisha yake. Wachawi wa Wanyakyusa walikuwa na uchu wa nyama na maziwa. Sababu haikuwa mbali. Wavulana wa huku, wakifikia umri wa miaka 10 au 11, waliondoka kwa baba zao wakajijengea kijiji chao cha rika, wakaishi pamoja mpaka uzeeni. Majirani wakawa watu wa koo tofauti, ilhali ng'ombe waliendelea kurithiwa ndani ya ukoo. Harufu ya nyama inayochomwa kwa jirani ilivuka hadi kwa mtu asiye na haki ya kudai hata kipande. Jicho la abamanga lilitazama palepale penye donda la kijiji.

Ninaamini kwamba hapa palikuwa na uwezo wa kweli. Watu waliokulia pamoja tangu utotoni walijuana kwa kikohozi, kwa mwendo, hata kwa namna mtu anavyonyamaza wenzake wakicheka. Mchana akili inashughulika na jembe na mifugo, nayo mengi yanaipita. Usiku, mwili ukitulia, yale yaliyopita yanakusanywa na kurudi kwa sura ya ndoto. Mlinzi aliyeamka akisema fulani ana kisirani na fulani alikuwa amesoma dalili ambazo macho yake yaliziona na ulimi haukuwa umepata maneno ya kuzisema.

Sayansi ya tezi pineali inatupa mwanga hapa, ingawa hautuongozi alikokusudia Blavatsky. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliitenga homoni ya tezi hiyo, wakaiita melatonini. Mtambaazi aitwaye tuatara, wa New Zealand, ana jicho dogo juu ya kichwa linalohisi mwanga, na jicho hilo lina undugu na tezi yetu. Kwa binadamu tezi imefunikwa kabisa, nayo hupata habari za mwanga kupitia macho yetu mawili. Giza likiingia, humwaga melatonini na kuutangazia mwili kuwa ni usiku. Mwanga mkali huizuia, na taa za umeme na skrini za simu nazo zimo. Anayelala simu ikimwangazia usoni anaunyima mwili wake usiku, naye asishangae ndoto zake zikiwa za mang'amung'amu.

Uwezo wa kuona mchana nao tumeupuuza. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa mlimani, mwenye aibu, aitwaye kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya huku yanachanganya wanyama wa kweli na wa visasili, watafiti walisita kuamini. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport, iliyokuwa ikichunguza misitu ya Rungwe, ilimwona: uso mweusi, manyoya marefu ya kahawia yanayofaa baridi ya mlimani, kishungi kimesimama utosini, na mlio mzito kama wa kubweka. Mwaka 2005 ulimwengu ulitangaziwa spishi mpya. Mwaka uliofuata alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Mwindaji alikuwa amemwona siku zote. Alikosa mtu wa kumsadiki.

Kwa nini jicho hilo limefifia? Wamisionari wa Moraviani na wa Berlin walifika mwaka 1891 na mafundisho mengine kuhusu roho. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku umwafi, dawa ya kiapo waliyonyweshwa watuhumiwa, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ikafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Ninaiunga mkono marufuku hiyo, kwa maana kiapo cha sumu hakimpi mtuhumiwa nafasi ya kujitetea. Lakini pigo kubwa zaidi lilitokana na maisha yenyewe. Vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini, kahawa na chai zikatwaa ardhi, na vijiji vya rika vikakosa mahali pa kusimama. Nilimuuliza mzee mmoja wa Tukuyu, tukiwa barazani kwake mvua ikipiga bati: "Baba, abamanga bado wapo?" Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, kuona kupo. Sasa aliyeona atamwambia nani?"

Jibu lake linaonyesha hatari tuliyonayo. Nguvu ya kuona ikibaki bila baraza la kuipima, anaichukua mfanyabiashara. Leo yupo mpiga ramli anayemnong'oneza mteja kuwa mama yake mzazi ndiye mchawi. Hatoi ushahidi wala haitwi mbele ya yeyote, na pesa yake anaipokea kwanza. Ramli chonganishi za namna hiyo zimegharimu maisha ya vikongwe na ya ndugu zetu wenye ualbino, hata mwaka 2015 serikali ikalazimika kuwapiga marufuku waganga wasio na leseni. Kwa kipimo cha wazee wa Rungwe, mtu anayeona peke yake kwa faida yake tayari amekwisha kuvuka upande wa pili.

Kwa hiyo anayetaka kuliamsha jicho lake aanze kwa kuchagua watu atakaowajibika kwao: mke au mume, jirani, wazee wa ukoo, jumuiya yake ya dini. Awape ruhusa ya kumwambia "hapana, hapo umekosea". Aupe mwili wake giza na usingizi, na asubuhi aikumbuke ndoto kabla hajashika simu. Ajizoeze kumtazama mtu mmoja vizuri kila siku, asikie asichokisema. Na kila atakapohisi amemwona mwenzake ana ubaya, achunguze kwanza kifua chake mwenyewe: kuna kinyongo gani humo kinachotafuta mchawi wa kukibeba? Asipofanya hivyo, jicho likifunguka litamwonyesha adui kila mahali.

Sehemu ya tatu itatupeleka Ziwa Eyasi kwa Wahadza, ambao hadi leo humpigia mluzi ndege mlembe naye akawaongoza kwenye asali. Tutaona kwamba kipaji hicho nacho hufundishwa, na kwamba mtoto asiyefundishwa hukikosa.

Itaendelea wiki ijayo.