Fito Tano na Milimita Nne: Sayansi ya Mikono ya Nyuma ya Gari la Michezo

Kipande chochote kigumu kilicho huru hewani kinaweza kusogea kwa namna sita, tatu zikiwa za kuhama, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na tatu zikiwa za kugeuka katika mihimili hiyohiyo. Ufito mmoja wa chuma wenye kiungo kinachozunguka kwa uhuru katika kila ncha huondoa namna moja tu kati ya hizo, kwa kuwa hauruhusu umbali baina ya ncha zake ubadilike. Fito tano zikifungwa kwenye kibeba habu, ambacho ndicho kinachoshika beringi ya gurudumu, hubaki njia moja tu ya kusogea, nayo ni ile ya kupanda na kushuka pamoja na springi. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa sasipensheni ya viungo vingi, ambayo Mercedes-Benz iliitumia katika gari lake la 190 mwaka 1982 kwa fito tano kila upande wa nyuma, na ndiyo inayoeleza kwa nini anayebadilisha urefu wa ufito mmoja hawezi kudai kwamba amebadilisha kitu kimoja.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, magari ya michezo yaliyoanza kuuzwa mwaka 2012 na kuundwa katika kiwanda cha Subaru huko Ota, mkoani Gunma, Japani. Sasipensheni yao ya nyuma ni ya ukoo mmoja na ile ya Subaru Impreza iliyotoka mwaka 2007, gari ambalo mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam wamelizoea kwa sababu ya biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani. Kila gurudumu la nyuma hushikwa na mkono wa juu, ambao huhesabiwa kama fito mbili kwa kuwa una maungio mawili upande wa ndani, pamoja na fito mbili za chini zinazokwenda kando na mkono mmoja unaoelekea mbele. Jumla ni tano. Kiwanda kiliweka kwenye ufito mmoja wa chini bolti ambayo duara la kichwa chake limewekwa nje ya kitovu, ili fundi akiizungusha aweze kurekebisha mwelekeo wa gurudumu, lakini mlalo wa gurudumu hilo hakikuuachia marekebisho yoyote.

Mlalo huo huitwa kemba, nao ni pembe inayoonekana gurudumu likitazamwa kutoka nyuma ya gari. Huwa hasi sehemu ya juu ya tairi inapoegemea ndani. Kemba hasi kiasi husaidia tairi la nje kukanyaga lami kwa upana wake wote pale bodi inapolala katika kona. GT86 ilitoka kiwandani ikiwa na kemba hasi ya takriban digrii 1.2 nyuma na karibu sifuri mbele. Mwenye gari akiweka springi fupi ili kulishusha, mkono wa juu, ambao kwa kawaida ni mfupi kuliko wa chini, hufuata tao kali zaidi na kuvuta kichwa cha gurudumu ndani, hivyo kemba ya nyuma huongezeka kuliko ile ya mbele, na gari huanza kugoma kuingia konani. Wengi hapo hukimbilia mikono ya nyuma inayorekebishika, ilhali hatua ya kwanza ya busara, tena ya bei nafuu, ingekuwa kuongeza kemba ya mbele kwa bolti maalumu. Mikono ya nyuma huwa na kazi pale tu vipimo vinapoonyesha kwamba nyuma imepita kiasi au kwamba pande mbili hazilingani.

Kiasi cha urefu kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa maungio ya juu na ya chini ya kibeba habu yameachana kwa milimita 250, digrii moja ya kemba hudai mkono urefuke au ufupike kwa milimita 4.4 tu. Mkono wenye uzi wa kipenyo cha milimita 16 na hatua ya milimita 1.5, ambao ncha yake moja ina uzi wa kulia na nyingine uzi wa kushoto, hubadilika kwa milimita 3 kila unapozungushwa mara moja, sawa na takriban digrii 0.7, na marekebisho hayo hufanywa mkono ukiwa bado umefungwa kwenye gari. Ule wa bei ya chini wenye uzi upande mmoja hulazimu kufunguliwa bolti, kuzungushwa nusu mzunguko na kurudishwa, kisha kupimwa upya, na fundi aliyefanya hivyo mara nne chini ya gari lililoinuliwa hujua vizuri akiba ya mnunuzi ilikwenda wapi.

Pembe yenye uzito zaidi, ingawa haionekani kwa macho wala haipendezi pichani, ni tou, yaani mwelekeo wa gurudumu likitazamwa kutoka juu. Gurudumu lililoelekezwa ndani kwa robo ya digrii hujaribu kuchepuka mita 4.4 katika kila kilomita moja, na kwa kuwa gari haliliruhusu, mpira wa tairi ndio unaolipa. Likielekezwa nje, nyuma ya gari huwa nyepesi kuchomoka dereva anapoachia mafuta katikati ya kona. Ufito wa chini ukirefushwa kwa ajili ya kemba, tou nayo huhama papo hapo, na mara nyingi bolti ya kiwandani huishiwa nafasi kabla haijairudisha mahali pake. Zaidi ya hayo, fito mbili zilizo jirani zikitofautiana urefu au mwinamo kuliko ilivyokusudiwa, kila moja huchora tao lake, na gurudumu hugeuka lenyewe kila linapopanda tuta bila usukani kuguswa. Kwa hiyo mkono wa kemba usionunuliwa pamoja na mkono wa tou ni nusu ya kazi.

Baada ya urefu huja viungo, na hapo ndipo tofauti kubwa ya bei huonekana. Bushi za mpira za kiwandani hazikuwekwa kwa ajili ya starehe peke yake. Porsche ilionyesha jambo hilo katika 928 ya mwaka 1977, ambayo ekseli yake ya Weissach ilipangwa ili nguvu ya breki au ya kuachia mafuta igeuze gurudumu la nyuma ndani kidogo badala ya nje, na hivyo kulituliza gari. Bushi ngumu za polyurethane hupunguza unyumbufu wa namna hiyo, na katika mkono unaotakiwa kujipinda kwa pande mbili kwa wakati mmoja huweza kuukwamisha. Kiungo cha tufe, ambacho ni tufe la chuma linalozunguka ndani ya pete yenye utando wa tefloni, hakikwami wala hakinyumbuki, lakini hupitisha kelele zote za barabara kwenye bodi, na vumbi likishaingia utando huo huliwa haraka. Kwa gari linalokutana na barabara ya changarawe kila wiki, kiungo cha tufe kisicho na kifuniko cha mpira ni uchaguzi mbaya, hata kama kimetengenezwa kwa ustadi wa namna gani.

Nguvu ya mkono wenyewe hutegemea unachobeba. Ufito wa tou husukumwa na kuvutwa tu kwa urefu wake, hivyo bomba jepesi la alumini huutosha. Katika Nissan 350Z ya mwaka 2002, kwa upande mwingine, mmoja kati ya mikono ya chini ya nyuma umebeba springi, ambayo imetengwa na shokomzoba, na kwa hiyo hupindwa kila gari linapoingia shimoni. Kuuondoa mkono huo na kuweka ufito mwembamba huwezekana tu springi ikihamishiwa kwenye shokomzoba, jambo ambalo nalo huibebesha sehemu ya juu ya bodi mzigo ambao haikuundiwa. Mnunuzi makini hutafuta pia tundu dogo la kuchungulia kwenye bomba, linaloonyesha kama uzi umeingia vya kutosha, kwani uzi wa milimita 16 ulioingia chini ya milimita 16 hauaminiki.

Nchini Ujerumani sehemu za namna hii huhitaji hati ya ukaguzi wa kitaalamu, na zikifungwa bila hiyo gari hupoteza kibali cha barabarani. Kwingine mzigo wa kukagua humwangukia fundi. Bushi za mpira zilizobaki zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu mpira huo umegandishwa kwenye chuma, na ukikazwa gurudumu likining'inia hubaki umesokotwa muda wote gari linapotembea, hadi unapopasuka. Nati za kufungia uzi nazo hupakwa alama ya rangi baada ya vipimo, ili zikilegea baada ya kilomita mia chache za kwanza, mstari uliokatika uonekane bila kufungua chochote.