Basi la Karatasi: Kumfundisha Mtoto Habari za Rosa Parks

Kila Februari, mwezi wa historia ya Weusi nchini Marekani, kuta za madarasa ya shule za msingi hujaa mabasi ya karatasi. Watoto hukata manila, hubandika magurudumu meusi na kumchora dirishani mwanamke mwenye miwani. Kazi hupendeza, lakini mara nyingi mtoto huondoka na hadithi pungufu: mama mzee alichoka, akakataa kusimama.

Rosa Parks hakuwa mzee. Siku alipokamatwa mjini Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955, alikuwa na miaka 42. Alikuwa mshonaji, na pia katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Alijua vyema alichokuwa anakikataa. Mtoto naye anastahili kukijua, na basi la karatasi linaweza kumwonyesha, mradi litengenezwe kwa kufuata jinsi mabasi yale yalivyoendeshwa.

Anza na milango. Ikatwe miwili, wa mbele na wa nyuma, yote ifunguke. Abiria Mweusi alilipa nauli mbele, mara nyingi akaamriwa ashuke, azunguke na kupandia nyuma. Wakati mwingine dereva aliondoa basi kabla hajaufikia mlango. Parks mwenyewe aliachwa hivyo mwaka 1943, na dereva alikuwa yuleyule aliyemwitia polisi miaka 12 baadaye. Mpe mtoto abiria wa karatasi, ampitishe njia hiyo kwa mkono wake.

Kisha viti. Vilikuwa 36. Kumi vya mbele viliwekwa kwa ajili ya Wazungu, hata vikibaki vitupu. Weusi walikaa nyuma, na vya katikati walivikalia mpaka Mzungu akose nafasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi uwe mpaka kati ya makundi hayo, lakini usiubandike, kwa sababu dereva alikuwa na uwezo wa kuusogeza nyuma.

Sasa weka abiria wanne Weusi katika safu inayofuata viti kumi vya mbele, Parks akiwa mmoja wao. Aingie Mzungu mmoja asiye na kiti. Mwulize mtoto: wangapi wainuke? Atajibu mmoja. Jibu la dereva lilikuwa wanne, kwani Mweusi hakuruhusiwa kukaa safu moja na Mzungu. Watatu waliinuka. Hapo mtoto anauona ubaguzi kwa hesabu yake mwenyewe, bila mwalimu kuhubiri.

Kazi isiishie ndani ya basi. Usiku ule Jo Ann Robinson, mhadhiri katika chuo cha Weusi mjini humo, alitumia mashine ya stensili kuchapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwaomba watu wasipande mabasi Jumatatu, tarehe 5 Desemba. Kila ukurasa ulibeba tangazo lilelile mara tatu, kisha ukakatwa vipande vitatu. Watoto nao wakunje karatasi katika sehemu tatu, waandike tangazo lao fupi, wakate na kugawana. Watatambua kwamba Parks hakuwa peke yake.

Mgomo uliopangwa kuwa wa siku moja ulidumu siku 381. Watu walitembea kwa miguu na kupeana lifti, wakiongozwa na mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King Jr. Mahakamani kesi ilibebwa na wanawake wanne, akiwemo Claudette Colvin, aliyekamatwa Machi 1955 akiwa na miaka 15 kwa kukataa kuinuka vilevile. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana nao Novemba 1956, na mwezi uliofuata sheria ya kutenga viti ikakoma.

Kwa hiyo, mwalimu, kipindi kikiwa kifupi, punguza kupaka rangi. Usipunguze milango, ukanda unaosogea wala vikaratasi. Shujaa huheshimiwa kwa kueleweka, na watoto wana uwezo wa kuelewa kuliko tunavyowadhania.