Hewa Nyepesi ya Iringa na Tabo ya Shangingi Lililooza

Msomaji wetu wa Mlandege, Iringa, ametuandikia kuhusu Land Cruiser Hardtop yake yenye injini ya 1HZ. Ikipanda mlima wa Kitonga na mzigo, anasema, inahema mpaka anarudi gia ya pili. Sasa ameonyeshwa shangingi la mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Dar es Salaam. Bodi imeliwa na kutu, ukikaa kiti cha nyuma unaiona ardhi kupitia sakafu, lakini injini ni 1HD-T yenye tabo, na inawaka. Je, aing'oe injini hiyo pamoja na giaboksi aipachike kwenye Hardtop, au anunue tabo peke yake aifunge kwenye injini aliyonayo?

Aing'oe. Na sababu kubwa iko kwenye hewa ya Iringa yenyewe.

Tuanze na kimo. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya uko juu zaidi kidogo. Dar es Salaam hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi. Iringa ni kama 84. Karibu sehemu moja ya sita imepotea njiani. Injini ya 1HZ haina msaada wowote wa kuvuta hewa isipokuwa kushuka kwa pistoni zake, kwa hiyo kila mvuto unaingiza oksijeni pungufu. Dereva akikanyaga zaidi, mafuta yanayoongezeka hayapati hewa ya kuyachoma na hutoka yakiwa moshi mweusi. Baridi ya Iringa hurudisha hewa kidogo, lakini ni kidogo kweli.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Ya kwanza hukaa kwenye njia ya moshi, ya pili kwenye njia ya hewa safi. Moshi huzungusha ya kwanza, na ya pili husukuma hewa ndani ya injini. Hilo kila fundi analijua. Jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria ni kwamba hewa ile ile inayoidhulumu injini mahali pa kuingilia huilipa fidia mahali pa kutokea.

Fikiria umeme wa Kihansi. Mto Kihansi ni mdogo sana mbele ya Ruaha Mkuu, lakini kituo chake kina uwezo wa megawati 180, wakati Mtera, kwenye Ruaha Mkuu wenyewe, kina megawati 80. Kinachofanya hivyo ni mporomoko. Kihansi maji huteremka zaidi ya mita 800 kabla ya kuufikia mtambo. Mtera ni kama mita 100 tu. Mtambo haujali maji yalianzia kimo gani kutoka baharini. Unajali tofauti kati ya yanakotoka na yanakoangukia. Moshi wa ekzosi nao huporomoka vivyo hivyo: juu ya maporomoko ni presha iliyo kwenye manifoldi, chini yake ni hewa ya nje. Tuseme kwenye manifoldi kuna kilopaskali 160. Dar es Salaam moshi huo unaanguka kutoka 160 hadi 101. Iringa unaanguka kutoka 160 hadi 84. Ni kama mtu amekwenda chini ya maporomoko ya Kihansi akachimba bonde likazidi kina, bila kuongeza tone la maji juu. Mtambo ule ule, maji yale yale, nguvu imeongezeka. Feni ya moshi inazunguka kwa kasi zaidi, na kwa kuwa mwenzake yuko kwenye shafti hiyo hiyo, hewa inasukumwa kwa bidii zaidi hapo hapo inapohitajika.

Hili lilikwisha kupimwa mlimani zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo la tabo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, takriban mita 4,300. Usawa wa bahari injini ile ilitoa nguvu farasi 350. Kileleni, bila tabo, zilibaki 230. Ilipofungwa tabo zikafika 356.

Kwenye gari kuna kilango kinachoizuia tabo isizidishe. Nitakiita kichepushi, kwa kuwa kinachepusha moshi upite pembeni ya feni kama maji yanavyochepushwa mtoni. "Kipunguza presha" lingepotosha, maana presha inapungua baadaye tu. Kichepushi cha kawaida hupima kwa kulinganisha na hewa ya nje. Kikiruhusu nyongeza ya kilopaskali 60, Dar es Salaam injini inapata 161, Iringa 144. Hasara ni karibu sehemu moja ya kumi, dhidi ya ile sehemu moja ya sita ya injini isiyo na tabo.

Kwa nini basi asinunue tabo peke yake? Kwa sababu 1HZ huibana hewa zaidi ya mara 22, na 1HD-T chini ya mara 19. Injini ya tabo imeachiwa nafasi ya kupokea hewa iliyokwisha kubanwa. Pampu yake nayo ina utando unaohisi presha ya tabo na kuongeza mafuta kwa kadiri yake, bila kompyuta yoyote. Vitu hivi vilibuniwa pamoja, na vihamishwe pamoja. Bahati ni kwamba injini hizi ni ndugu: silinda 6, kipenyo milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, jumla sentimita za ujazo 4,164 kila moja. Hata giaboksi ya Hardtop inaweza kubaki ikiwa bado nzima.

Kutu ya bodi isimtishe, kwani ndani ya injini oili imefunika kila chuma kinachosuguana. Tangi la mafuta, rejeta na mabomba ya shangingi ayaache huko huko. Magamba ya kutu yakifika kwenye pampu na nozeli, hasara ni kubwa. Beringi za krenki azikague injini ikiwa chini, na breki za Hardtop ziimarishwe.

Kabla ya kutoa pesa, fungua bomba la hewa la tabo, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo ubavuni ni sawa, nafasi hiyo ni ya oili. Ikiingia na kutoka, au mapanga yakiwa yamekwaruza kasha, usinunue. Ukinunua, dai hati ya mauziano yenye namba ya injini, kisha uende TRA ibadilishwe kwenye kadi kabla Hardtop haijarudi barabarani.