Musoma, mji wa ziwa na wa darasa

Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara, ni mji mchanga, na London na Berlin ndizo zilizoupangia upande wake wa mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari utoke mdomo wa Mto Umba, pwani, hadi mahali latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na Ziwa Victoria. Rasi ya Musoma iko chini kidogo ya hapo, ikaangukia kwa Mjerumani. Wajaluo na Wakuria wakajikuta pande zote mbili za mstari ambao hawakuulizwa.

Mjerumani aliweka kituo Shirati na ngome Ikoma. Chini ya Mwingereza Musoma ikawa makao ya wilaya, na baada ya uhuru, Jimbo la Ziwa lilipogawanywa, ikawa makao ya mkoa.

Lakini kilichoipa Musoma uzito katika historia ya nchi ni shule. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama, yapata kilomita 40, akaanza kusoma katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Alikuwa anaongea Kizanaki. Kiswahili alijifunza hapo. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Miaka 40 baada ya siku zile za Mwisenge, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma chini ya mwanafunzi yuleyule, sasa Rais Nyerere. Lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi lilikuwa limewekewa mwaka 1989. Azimio la Musoma likalivuta hadi 1977. Walimu wangetoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakasomea ualimu huku wakifundisha, na wazee wa leo bado wanawaita walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Ubora wa masomo uliumia, hilo halina ubishi. Hata hivyo uamuzi ulikuwa wa haki: mtoto wa kijijini ambaye angesubiri miaka 12 zaidi angekuwa ameshakua bila kushika kalamu.

Mji wenyewe umeendelea kuishi kwa ziwa. Sangara walipojaa miaka ya 1980 vilikuja viwanda vya minofu. Kiwanda cha nguo cha MUTEX kilipofungwa, wengi walipoteza ajira. Pale Mwigobero maboti bado yanapakia abiria wa Kinesi, magunia ya dagaa yakiwa yamepangwa kando.

Anayekwenda Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere atenge na muda wa kupita Mwisenge. Shule ingali inafundisha.