CHIVOTI NA UKILI: MWANAFUNZI AFANYEJE?



Siku moja msichana mmoja wa sekondari hapa Shimoni alinijia na kikapu ambacho hajakimaliza. Akasema, "Shikamoo Mama. Mie chivoti naacha. Siwezi tena."

Chivoti, kwa wasioijua, ni filimbi ya Wadigo inayoshikwa kwa ubavu na kupulizwa pembeni. Mzee aliyekuwa akimfundisha hakuwa na mwanafunzi mwingine. Akiacha huyu, basi somo lenyewe limekwisha.

Lakini vikapu navyo vilikuwa na kazi yake. Akina mama wa kikundi chetu huviuza kwa wageni wanaokuja kutazama mapango na kupanda mashua kwenda Kisite. Faida hulipia nauli ya wagonjwa wasiojiweza kwenda hospitali ya Msambweni. Binti alijifunza kusuka kwa bibi yake, akawa anatusaidia bila malipo.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kazi imekuzidi wapi?" Alipoeleza, nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimepokea oda ya vikapu kumi na viwili kwa wiki tatu bila kumwuliza yeye. Nilihesabu mikono yake, nikasahau kwamba ana masomo, ana nyumbani, na ana chivoti. Na mtoto aliyelelewa kwa heshima hamwambii mtu mzima "hapana." Anachoka kimya kimya, halafu anaacha kile anachokipenda.

Basi tulikaa chini, tukapanga. Tuliyojifunza nayaeleza hapa, huenda yakamfaa mzazi au kiongozi mwingine wa kikundi.

Kazi ya ukili ina hatua nyingi

Mnunuzi huona kikapu tu. Haoni kwamba majani huanikwa juani, huchanwa, mengine hutiwa rangi, hulowekwa kidogo yalainike, ndipo yasukwe kuwa ukili. Ukili nao lazima ushonwe. Lakini kusuka kwenyewe kuna jambo moja zuri: unaweza kuacha na kurudia. Robo saa inatosha kuongeza shubiri kadhaa. Kutia rangi na kushona ndiko kunakotaka kikao kirefu, na hako tukakapeleka Jumamosi.

Chivoti haitaki kulimbikizwa

Dakika ishirini kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Vidole na midomo hujifunza kwa kurudia, kupumzika, na kurudia tena. Hata usingizi unasaidia: mtu akilala, alichojifunza mchana hukaa vizuri zaidi kichwani. Ukipuliza saa nzima kwa pupa, midomo huchoka, sauti ikawa upepo mtupu.

Halafu kuna utaratibu wa mikono. Yeye alikuwa akisuka kwanza, chivoti baadaye. Kusuka kwa muda mrefu hukaza vidole na mabega, na chivoti inataka vidole vyepesi vya kuziba matundu barabara. Tukageuza: chivoti kwanza, ukili baadaye.

Mdomo hausuki

Wengi wetu tumesikia habari za Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo miaka ya 1880. Kwao walikuwa wafinyanzi maskini. Alikuwa akitembeza vyungu vya mama yake mjini, na sauti aliyonadia vyungu ndiyo watu walioanza kuisikia. Alihamia mjini mwaka 1911, akafunzwa uimbaji, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye santuri. Kazi ya mikono na muziki vilikwenda njia moja.

Mpuliza filimbi hawezi kufanya hivyo moja kwa moja, maana mikono na pumzi vyote vimeshikwa. Lakini akiwa anasuka, mdomo uko huru. Mzee wake alimshauri auimbe wimbo kwa sauti ya puani huku anasuka, mpaka aujue wote. Akishika chivoti, wimbo tayari uko kichwani. Kilichobaki ni vidole tu. Hapo dakika ishirini zikawa na nguvu ya arobaini.

Masharti tuliyowekeana

1. Masomo kwanza. Wiki za mitihani hakuna kusuka kabisa.
2. Chivoti dakika ishirini kila siku akitoka shule, kabla hajachoka.
3. Vikapu viwili kwa mwezi, si zaidi, hata mgeni aje na pesa mkononi.
4. Oda hupokelewa na kikundi kizima. Mtoto hadaiwi kikapu.
5. Gharama ya majani na rangi hurudishwa kwanza, kisha faida huingia mfukoni mwa wagonjwa. Yote yanaandikwa daftarini, naye aruhusiwe kulisoma.
6. Majani yanunuliwe na kukaushwa kabla ya masika. Wakati wa mvua yakikaa na unyevu huota ukungu.

Sitaki kukuficha, ndugu msomaji, mpango huu ulitugharimu. Oda ile tuliipunguza, na mwezi ule mfuko wa nauli ulipungua. Akina mama walinung'unika kidogo, kisha wakakaa barazani wenyewe wakasuka, na wengine wakachanga shilingi mbilimbili za kumi. Mgonjwa hakukosa gari. Labda tungefanya hivyo tangu mwanzo.

Msaada unaotolewa kwa moyo ni mzuri, na kijana afundishwe kutoa. Lakini anayetoa lazima abaki na kitu cha kwake. Sisi watu wazima tukiona mtoto ana mikono mizuri, tusikimbilie kuijaza kazi. Tumwulize kwanza, "Wewe unajifunza nini siku hizi?"

Binti bado anasuka vikapu vyake viwili. Na jioni, ukipita karibu na kwao upepo ukiwa umetulia, utasikia chivoti. Bado anakosea hapa na pale, lakini hajaacha.