Polima zinazopitisha umeme: kweli au si kweli?

"Plastiki haipitishi umeme." Si kweli kwa plastiki zote. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba plastiki (polima) iitwayo poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri mno. Mwaka 2000 wakatunukiwa Nobeli ya Kemia.

"Vihisi vya nguvu ni mambo ya maabara za ng'ambo." Si kweli. Mkulima wa Githongo, Kenya, hukutana navyo kila anapopeleka majani ya chai kituoni. Ndani ya mizani ya kielektroniki mna kipande cha metali kilichogandishwa ukanda mwembamba sana. Karani akitundika gunia, metali hupinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, ukanda unavutika, ukinzani wake wa umeme unapanda, na namba ya kilo inatokea.

"Basi polima laini zinazopitisha umeme zitachukua nafasi ya metali katika vihisi hivyo." Bado. Polima ikivutwa muda mrefu huchelewa kurudi ilivyokuwa, na nyingine huvuruga vipimo zikinyonya unyevu, jambo la kila siku kwenye ukungu wa nyanda za chai. Anayelipwa kwa kilo hastahili kubahatishiwa. Polima hizi zinafaa mahali metali isipoweza kujikunja: bendeji ya goti, au glavu ya mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kukunja vidole.

"Plastiki ikitokana na mmea, itaoza shambani." Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linauzwa kama ukweli. Plastiki iitwayo PLA hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa, lakini ili ioze upesi inahitaji mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Shambani Githongo, penye baridi, inaweza kukaa miaka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Tusiirudishe taka hiyo kwa jina la "kijani". Muuzaji aulizwe kitu kile kinaozea wapi na kwa joto gani, siyo kimetoka mmea gani.

"Mgomba unaweza kutoa kihisi." Nusu kweli. Nyuzi zake zina selulosi, ambayo ni imara na huoza vizuri, ila haipitishi umeme. Lazima ichanganywe na kitu kama masizi ya kaboni au polima inayopitisha umeme kama polianilini, na selulosi ikishaoza, masizi yale hubaki udongoni.