Malezi Nje ya Darasa: Uongozi wa Masuala ya Wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Ukitazamwa Kutoka Garsen

Idara ya masuala ya wanafunzi ni sehemu ya chuo kikuu inayoshughulikia maisha ya mwanafunzi nje ya ukumbi wa mihadhara, yaani makazi, chakula, afya, ushauri nasaha, nidhamu, michezo, vyama na uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi wenyewe. Katika chuo kikuu cha Kikatoliki idara hiyo hubeba dhamana nyingine juu ya hizo, kwa sababu Kanisa huitazama elimu kuwa malezi ya mtu kamili, akili, mwili na roho, na halikubali kwamba mwanafunzi ameelimika kwa kuwa tu amefaulu mitihani. Makala haya yanaieleza kazi hiyo kwa kuitazama kutoka Garsen, mji ulio katika Delta ya Mto Tana nchini Kenya, kwa kuwa mwanafunzi anayetoka huko akiwa na imani, lugha, umaskini na majeraha ya historia yake ndiye anayeonyesha kama uongozi wa chuo unalea kweli au unasimamia majengo tu.

Chuo kinachofaa kuwa mfano ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichopo Lang'ata, Nairobi. Kilianza mwaka 1984 kikiwa taasisi ya juu ya teolojia iliyoasisiwa na AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1961, na Papa Yohane Paulo wa Pili alikifungua rasmi tarehe 18 Agosti 1985. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilikipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na tangu hapo kimekuwa kikifundisha elimu, sheria, biashara, sayansi na fani nyinginezo kwa wanafunzi wa dini mbalimbali kutoka nchi nyingi. Kukua huko ndiko kulikoibadili kazi ya malezi, kwa maana taasisi iliyokuwa ikiwapokea hasa mapadri, watawa na waseminari, watu waliozoea kuishi kwa ratiba na kanuni, ilijikuta ikiwapokea vijana wa kila namna ambao hawakuja kutafuta upadri bali kutafuta shahada na riziki.

Msingi wa malezi hayo

Waraka unaoviongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani ni Ex Corde Ecclesiae, uliotolewa na Papa huyo huyo tarehe 15 Agosti 1990. Waraka huo unaagiza mambo mawili ambayo kiongozi wa wanafunzi anapaswa kuyashika kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mafundisho na nidhamu ya Kikatoliki yaguse shughuli zote za chuo, na la pili ni kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Kiongozi anayeshika la kwanza na kuliacha la pili hukigeuza chuo kuwa mahali pa kulazimishana ibada, na anayeshika la pili na kuliacha la kwanza huendesha chuo kisichotofautiana na kingine chochote ila kwa msalaba uliotundikwa ukutani.

Kwa kawaida kazi hiyo huongozwa na mkuu wa masuala ya wanafunzi, ambaye katika vyuo vya Tanzania hujulikana kama Mshauri wa Wanafunzi, akisaidiwa na washauri nasaha, wasimamizi wa mabweni, wauguzi, walimu wa michezo na padri mlezi wa chuo. Padri mlezi huongoza sala na sakramenti na kuwasikiliza wenye kutaka kusikilizwa, lakini si hakimu wa nidhamu, na ni jambo la busara kuzitenganisha kazi hizo mbili, kwa kuwa mwanafunzi hatamfungulia moyo mtu ambaye kesho yake atakaa katika kamati ya kumfukuza.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yana kanuni iitwayo kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka 1931, inayosema kwamba jambo linaloweza kutekelezwa na kundi dogo lisinyang'anywe na mamlaka kubwa, na kwamba wajibu wa mamlaka kubwa ni kulisaidia kundi dogo litimize kazi yake. Kanuni hiyo ikitumiwa chuoni, maana yake ni kwamba wanafunzi wa bweni moja wapewe nafasi ya kusuluhisha ugomvi wao kabla haujafika ofisini, na kwamba chama cha wanafunzi kiachiwe kuendesha mambo yake chenyewe, chuo kikisaidia pale kinapolemewa.

Mwanafunzi wa Delta

Kaunti ya Tana River, iliyohesabiwa kuwa na watu 315,943 katika sensa ya 2019, ina Wapokomo walio wakulima wa kandokando ya mto, Waorma na Wawardei walio wafugaji, pamoja na Wawata, Wamunyoyaya, Wamalakote na Wamijikenda. Waorma na Wawardei karibu wote ni Waislamu, na Wapokomo wengi wa sehemu za juu za mto ni Waislamu pia. Miongoni mwa wale wa delta wamo Wakristo wengi, lakini Ukristo wao kwa kiasi kikubwa ni wa Kiprotestanti, kwa maana wamisionari Wamethodisti walifika Golbanti katika miaka ya 1880 na wale wa Neukirchen kutoka Ujerumani wakaanza kazi yao Ngao mwaka 1887. Dayosisi ya Kikatoliki ya Malindi, ambayo Garsen imo ndani yake, iliundwa mwaka 2000 tu, na askofu wake wa kwanza, Francis Baldacchino, alikuwa Mkapuchini kutoka Malta.

Kwa hiyo kijana wa Garsen anayejiunga na chuo kikuu cha Kikatoliki, awe Muislamu au Mkristo, mara nyingi huingia katika nyumba ya imani isiyokuwa yake. Hali hiyo ndiyo inayoufanya uhuru wa dhamiri uache kuwa maneno ya waraka na kuwa maamuzi ya kila siku. Katika mwezi wa Ramadhani, kwa mfano, mwanafunzi anayefunga anahitaji chakula kabla ya alfajiri na tena baada ya jua kutua, ilhali jiko la chuo limezoea kufungua asubuhi kukiwa kumepambazuka na kufunga mapema usiku. Kiongozi mwenye nia ya kulea humwita mpishi mkuu na wawakilishi wa wanafunzi Waislamu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wakapatana kuhusu saa za futari, wapi chakula cha daku kitawekwa na nani atakuwa na ufunguo, na vilevile huhakikisha kwamba mitihani haipangwi siku ya Idi. Mpango kama huo haupunguzi Ukatoliki wa chuo hata kidogo, kwa sababu Kanisa lenyewe lina Kwaresima yake na linajua thamani ya kufunga.

Karo na mafuriko

Jambo la pili linalompima kiongozi ni fedha. Tangu mwaka 2016 serikali ya Kenya ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vikuu binafsi, lakini utaratibu mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 ulielekeza ruzuku za masomo kwa wanafunzi wa vyuo vya umma, na wa vyuo binafsi wakabaki na mikopo. Mwanafunzi wa Garsen katika chuo cha Kikatoliki hutegemea basi mkopo, basari ya kaunti, basari ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge na michango ya jamaa waliouza ng'ombe au maembe. Fedha hizo hazifiki kwa pamoja wala kwa kalenda ya chuo, na kwa hivyo katika wiki ya mitihani mwanafunzi huweza kujikuta mbele ya dirisha la ofisi ya fedha akiwa na barua ya chifu mkononi na barua nyingine inayoonyesha kuwa basari yake imepitishwa, huku kadi ya mtihani ikizuiwa kwa kuwa hundi yenyewe haijafika.

Hapo ndipo ofisi ya masuala ya wanafunzi inapopaswa kuwa mdhamini. Inaweza kupiga simu kaunti kuthibitisha basari, kuandikiana na mwanafunzi mkataba wa kulipa kidogo kidogo, kumtafutia kazi ndogo maktabani au bustanini, na kuitaka ofisi ya fedha imruhusu afanye mtihani huku matokeo yakisubiri malipo. Hatua hizo hazihitaji fedha nyingi bali mtu mmoja mwenye mamlaka anayejua kwamba kijana huyo yupo na anajua anakotoka.

Mafuriko nayo yana sehemu yake. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, na upande wa delta njia ya Garsen kwenda Lamu ikakatika eneo la Lango la Simba, na hali kama hiyo ikarudi mwaka 2024. Mwanafunzi aliyekwenda nyumbani likizo huweza kushindwa kurudi kwa tarehe ya kufungua, au akarudi akiwa ameacha wazazi kambini na shamba limezama. Kanuni za chuo zinazomtoza faini kwa kuchelewa kujisajili, bila kuuliza sababu, humwadhibu kwa kosa la mto, na ni wajibu wa idara kuwaombea wanafunzi wa maeneo kama hayo msamaha wa tarehe kabla wao wenyewe hawajaanza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine.

Majeraha ya historia

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua zaidi ya watu 100, yakianza kwa ukubwa wake kijijini Riketa tarehe 22 Agosti 2012 na kuendelea Kilelengwani na Kipao. Watoto walioyaona hayo wakiwa shule ya msingi ndio waliokuja kufikia umri wa chuo kikuu katika miaka iliyofuata. Tarehe 2 Aprili 2015, iliyokuwa Alhamisi Kuu, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, ng'ambo tu ya mto kutoka Madogo, wakaua watu 148 ambao wengi wao walikuwa wanafunzi, na waliwalenga Wakristo. Tangu siku hiyo mzazi wa Kikristo humpeleka mtoto chuoni kwa hofu, na kijana Muislamu kutoka kaunti za ukanda huo huhofia kutazamwa kwa shaka.

Ushauri nasaha katika mazingira hayo hauwezi kuwa chumba kimoja chenye mshauri mmoja anayengoja kubishiwa hodi, kwa kuwa vijana wengi wa pwani na wa kaskazini hawajazoea kumweleza mgeni mambo ya nyumbani. Huanza kwa kuwafunza wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne kuwa wasikilizaji wa wenzao, na kwa kumpata mshauri mwanamke kwa wasichana wasioweza kuzungumza faraghani na mwanamume. Mgogoro mpya unapozuka nyumbani, uvumi hufika bwenini kwa simu kabla ya habari za kweli, na kiongozi mwenye hekima huwakutanisha wanafunzi wa pande zote mbili siku hiyo hiyo, wakiwa pamoja, ili kila mmoja asikie jambo moja kutoka kinywa kimoja.

Uongozi wa wanafunzi wenyewe

Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliyopitishwa mwaka 2016 yaliubadili uchaguzi wa wanafunzi nchini Kenya. Badala ya kila mwanafunzi kumpigia kura mwenyekiti moja kwa moja, wanafunzi wa kila idara au kitivo huchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio huchagua baraza. Mwenyekiti na makamu wake ni lazima wawe wa jinsia tofauti, muhula ni mwaka mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kupita mihula miwili. Utaratibu huo umesifiwa kwa kupunguza kampeni za fujo na fedha, na umelaumiwa kwa kuwa wajumbe wachache ni rahisi kushawishiwa. Kwa wanafunzi wa kaunti yenye watu wachache kama Tana River, hata hivyo, una mlango uliokuwa haupo, kwani anayejulikana na wenzake wa idara kwa kazi yake huweza kuchaguliwa bila kuwa na kabila kubwa nyuma yake.

Delta yenyewe ina elimu ya uongozi inayostahili kupelekwa chuoni. Wapokomo wana baraza la wazee liitwalo gasa, na Waorma wana lao liitwalo matadeda, na mabaraza hayo ndiyo yaliyokuwa yakipatana kuhusu malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni bila kukanyaga mashamba. Msingi wake ni kwamba pande zote husikilizwa kabla ya uamuzi. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jambo la jinsi hiyo katika Ibara ya 47, inayompa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo halali na za haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kamati ya nidhamu inayomfukuza mwanafunzi bila kumsikiliza huvunja, kwa mpigo mmoja, desturi ya wazee, Katiba ya nchi na mafundisho ya Kanisa kuhusu hadhi ya mwanadamu.

Kanisa la Afrika Mashariki nalo lina chombo chake. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, yaani vikundi vya majirani wanaokutana kusali, kutembelea wagonjwa na kusaidiana. Jumuiya za aina hiyo zikiundwa katika mabweni, huwa ndizo zinazogundua kwanza kwamba mwenzao hajatoka chumbani siku mbili au hajala. Wasio Wakatoliki hawalazimiki kujiunga, lakini chuo kinaweza kuwasaidia wawe na vikundi vyao vya kutazamana kwa namna hiyo hiyo.

Lililobaki ni kuunganisha pande mbili ambazo kwa sasa hukutana kwa bahati tu. Parokia za dayosisi, misikiti na shule za sekondari za delta zinawajua vijana wanaokwenda chuoni, na idara ya masuala ya wanafunzi ina ofisi, kanuni na watu wa kuwapokea. Orodha ya majina ikitumwa mapema kila mwaka, ikitaja mwenye basari, aliyepoteza nyumba na anayehitaji mshauri, mwanafunzi atafika akiwa tayari anajulikana. Chuo nacho kinapaswa kuhesabu kila mwaka, kaunti kwa kaunti, wangapi walioingia na wangapi waliohitimu, na kuwauliza walioacha sababu ya kuacha, kisha kuyapeleka majibu hayo mbele ya seneti na mbele ya askofu. Chuo kinachobeba jina la Kanisa kina wajibu wa kujua kila kijana wa Garsen aliyepokewa langoni ameishia wapi, na mkuu wa masuala ya wanafunzi ndiye anayepaswa kuwa na jibu hilo.